Kubadili shokapu za Noah mwenyewe nyumbani, inawezekana? (niko Mtwara)

baba_watatu
Wakuu habari za jioni. Nina Noah AZR60 ya 2004, ndo gari ya familia, mimi, wife, watoto watatu na mara nyingi bibi yao, na kila mwezi lazima twende Newala. Hiyo njia wenyeji mnaijua, mpaka Mnivata unateleza na lami yako, baada ya hapo mara mchepuko mara vumbi mara makorongo. Sasa gari imekuwa ngalawa, ukivuka tuta inanesa mara tatu nne ndo inatulia, juzi wa mwisho katapika mpaka kwenye kanga ya bibi yake. Nimechungulia nyuma kulia, shokapu imelowa mafuta, vumbi limegandia limekuwa tope jeusi. Mbele hakuna mafuta ila kuna kelele kok kok kok kwenye vijishimo vidogo tu. Nimeagiza shokapu zote nne mpya toka Dar, zimefika na basi. Nina jeki ya gari, boksi la spana na shemeji ana nguvu za kubeba magunia ya korosho. Nifunge mwenyewe au nitajuta?

fundi_mikindani
Mdogo wangu, nyuma funga, mbele usiguse kama huna kibanio cha springi.

Nyuma ya hiyo AZR60 shokapu imekaa peke yake na springi imekaa peke yake, kwahiyo ni bolti ya juu na ya chini basi. Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini, weka mawe tairi za mbele, nyanyua, weka stendi za chuma. Jeki ya gari ni ya kunyanyulia tu, usiingize hata mkono chini kama gari imesimama kwenye jeki peke yake. Afu tafuta jeki ya pili uiweke chini ya ekseli iguse tu kabla hujafungua bolti ya chini, maana ukifungua bila hiyo ekseli inashuka, springi inachomoka na mpira wa breki unavutika. Shokapu mpya isimamishe wima uibonyeze na kuiachia mara nne tano kabla ya kufunga. Kama ni ya gesi imekuja imefungwa kamba usiikate mpaka umeshaipachika juu, ukikata mapema utashindana nayo mpaka magharibi. Na usikaze mwisho gari ikiwa hewani, shusha tairi zibebe uzito ndo ukaze, la sivyo bushi (vile vipira vya kwenye tundu za bolti) zinakaa zimejipinda na hazimalizi mwaka.

Mbele ni habari nyingine, pale springi imebanwa juu ya shokapu na inayoizuia ni nati moja ya katikati. Kuna kijana niliwahi kufanya naye kazi aliifunga springi kwa waya na kamba za manila akafungua ile nati, springi ilitoka ikatoboa bati la banda. Kichwa chake kilikuwa kama shibiri mbili pembeni. Mpaka leo ukilitazama lile bati unaona jua.

dada_wa_masasi
Kaka hiyo kok kok ya vijishimo vidogo mbona kama stabilaiza linki? Mi nilibadilishiwa shokapu za mbele zote mbili, nimefika Nangoo tu kelele ile ile nikataka kulia. Kumbe linki, kijifimbo kimefungwa kwa nati mbili, na ni rahisi kuliko shokapu. Gari ikiwa chini imesimama kwenye tairi zake, ingiza mkono uishike uitikise, ikicheza ndo yenyewe. Kama kelele inatoka ukikata usukani gari imesimama hapo angalia beringi ya juu ya shokapu.

mtu_wa_lindi
Sisi wa huku baharini adui ni kutu. Pulizia WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, hizo bolti leo, kesho tena, keshokutwa ndo ushike spana, na uwe na bomba la kurefushia. Shemeji mwenye nguvu ndo huyo huyo atakayekata bolti.

baba_watatu
Mrejesho wakuu. Nyuma tumemaliza jumamosi, upande wa kwanza masaa matatu, wa pili dakika arobaini, tofauti yote ni kutu na kubishana. Ile ya zamani nikaibonyeza kwa mkono ikazama yote ikabaki humo humo, wala hairudi. Linki nimeitikisa, dada umepatia, ya kushoto inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, nimeagiza zote mbili. Fundi, za mbele nikipata kibanio cha kuazima je?

fundi_mikindani
Ukikipata zungusha pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka springi icheze yenyewe kwenye sahani yake ndo ushike nati ya katikati, na usikae mbele yake. Badili na maunti ya juu (kile kikalio cha mpira kinachoshika shokapu kwenye bodi) humo humo, usirudishe iliyochoka. Kabla ya kutoa weka alama zile bolti mbili za chini zilipokaa, na ukimaliza ni wili alaimenti, yaani kunyooshewa tairi, moja kwa moja, usiende Newala kwanza. Ila we funga linki, endesha wiki moja, usikilize.

baba_watatu
Sawa mkuu. Boksi la za mbele liko uvunguni, wife ashaanza kuuliza kama ndo fanicha mpya.