Mtoto wa mbwa chotara mkubwa: nianzie wapi kumfundisha?

MkulimaUyole: Habari zenu wakuu. Wiki ijayo namleta nyumbani dume la miezi miwili, mchanganyiko wa German Shepherd na Boerboel. Banda la mbao nimeliinua kutoka chini, maana baridi ya Juni huku Mbeya mnaijua. Majirani wanasema nimfungie ili awe mkali. Nina watoto wadogo, nataka mlinzi anayesikia neno.

DadaMafinga: Usimfungie, kaka! Mpaka wiki ya 14 hivi ndipo anapozoea dunia: bodaboda, wageni, kuku, mbuzi. Mtembeze ukiwa umembeba mpaka amalize chanjo za pavo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, asikanyage walikopita mbwa wengine. Ya kichaa cha mbwa achanjwe akifika miezi 3. Mafunzo anza na jina tu: mwite, akija mpe dagaa mmoja. Dakika tano zinatosha, umwache bado anataka.

MzeeTukuyu: Na kurukia watu mkataze sasa, akiwa mwepesi. Akikurukia, geuka, usimtazame. Msifu miguu yote ikiwa chini. Fimbo hapana kabisa, mwanangu.

MkulimaUyole: Shikamoo mzee, asante. Aking'ata vidole vya watoto je?

DadaMafinga: Mchezo ukome hapohapo, kisha mpe kamba nene atafune. Watoto nao wasimkimbie wakipiga kelele.