Faili moja la WATEJA, nalihitaji mara mbili kwenye programu ya RPG

Kijana wa Malindi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika RPG, lugha ya programu ya IBM, kwenye AS/400, kompyuta ya IBM ya ofisi yetu hapa Unguja. Mteja wa mkopo lazima awe na mdhamini, na mdhamini naye ni mteja, kwa hiyo wote wamo kwenye faili la WATEJA. Ripoti inasoma kwa READ (rekodi inayofuata) mmoja mmoja, kisha nafanya CHAIN (kurukia rekodi kwa namba yake) kwa namba ya mdhamini nipate jina lake.

Jana niliiendesha kabla ya adhuhuri. Kutoka msikitini nakuta printa imejaza karatasi sakafuni. Wa mwanzo wote ni wa taslimu, hawakuleta tabu. Kufika 1042, ambaye mdhamini wake ni 0317, jina la mdhamini limetoka pande zote mbili, na aliyefuata si 1043 bali 0318! Ikapanda mpaka 1042, ikarudi tena. Karatasi hii ndiyo watu wanayokwenda nayo Pemba kudai. Jina likikosewa, mtu anagongewa mlango kwa deni si lake.

Nimejaribu kulitangaza faili mara ya pili, kompaila (inayogeuza programu iweze kuendeshwa) inakataa: jina la fomati ya rekodi limejirudia.

Mkongwe wa Chake
Waalaykumu salaam, mwanangu. Faili likifunguliwa mara moja lina kielekezi kimoja tu, yaani alama ya mahali ulipofika kusoma. CHAIN ilikipeleka 0317, READ ikaendelea pale pale. Litangaze mara ya pili kwa jina jingine, EXTDESC na EXTFILE zikielekeza kwenye WATEJA lile lile:

dcl-f WADHAMINI usage(*input) keyed
  extdesc('WATEJA') extfile(*extdesc)
  rename(RWATEJA: RWADHAMINI) prefix(D_);

RENAME ndiyo itakayoiridhisha kompaila, maana inabadilisha jina la fomati. Lakini PREFIX, inayotanguliza D_ kwenye majina ya sehemu za rekodi, usiiache hata kidogo: bila yake programu inakompaili vizuri, na JINA la mdhamini linamwagwa juu ya JINA la mteja. Hilo ndilo lililokutia majina pacha. Sasa utakuwa na JINA na D_JINA, kila kimoja mahali pake.

Wako wanaorudisha kielekezi kwa SETGT (kukiweka baada ya namba ya mteja) kila baada ya CHAIN. Inafanya kazi, ila anayekuja kuisoma baadaye anateseka.

Bi. wa Mkoani
Naongeza kwa kaka yangu. Angalia CL, programu ya amri za mfumo, inayoita programu yako. Kama mna OVRDBF (amri ya kubadili namna faili linavyofunguliwa) ya WATEJA yenye SHARE(*YES), yaani kushirikiana, kufungua mara mbili hakutakufaa, maana zote zitatumia njia moja na kielekezi kile kile.

Na siku ukitaka kuandika, usilifungue la pili kwa *update (kusoma na kubadilisha). Mteja akiwa mdhamini wa nafsi yake, rekodi umeshaishikilia wewe mwenyewe kupitia faili la kwanza; programu itasubiri, kisha inaanguka na status 1218, yaani rekodi imeshikwa. Mimi imenikuta, nikamtafuta mtu mwingine aliyeishika siku nzima.

Kijana wa Malindi
SHARE(*YES) ilikuwemo kweli, nimeiondoa. Imetoka 1042 na mdhamini wake, ikafuata 1043. Shukran sana, wakubwa zangu.