Kuvu ya vyura, Bunyonyi hadi Bwindi: PCR ya ITS itatuonyesha nasaba?

kinamasi_kabale
Habari zenu, ndugu. Tunaandaa ramani ya kuvu ya Bd (*Batrachochytrium dendrobatidis*) kuanzia vinamasi vya Bunyonyi hadi ndani ya msitu wa Bwindi, Uganda. Ramani ya "ipo, haipo" haitutoshi. Tunataka na nasaba zake (koo za kuvu hiyo). PCR (kipimo kinachonakili DNA) ya ITS (kipande cha DNA ya kuvu) itatosha? Tupime vyura wangapi kila eneo? Kambini hakuna friza.

maabara_kwanza
ITS haikuambii nasaba. Inakuambia Bd ipo na kwa kiasi gani, na hata hicho kiasi kipokee kwa tahadhari, maana nakala za ITS hutofautiana toka aina moja ya Bd hadi nyingine.

Iko PCR ya mitokondria (sehemu za seli zenye DNA yake) inayotenganisha nasaba mbili: BdGPL, iliyoenea duniani, na BdCAPE, iliyokwisha kupatikana Afrika Kusini na Kamerun. Ila inaona unachokitafuta tu, na chotara (mchanganyiko wa nasaba) inawapita. Kuwanasa unahitaji vipande vingi vya jenomu (DNA yote ya kuvu), na hapo swabu (kijiti cha pamba kinachopitishwa kwenye ngozi ya chura) yenye DNA kidogo inakupa matokeo yenye mapengo. Basi chuja zote kwa ITS, zenye DNA nyingi ndizo ziende mbele. Usimalize dondoo yote (DNA iliyotolewa kwenye swabu) kwenye mchujo! PCR ikikwama, punguza dondoo 1:10. Mara nyingi ni uchafu wa matope.

gambuti
Kama chura 1 kati ya 20 ana Bd, vyura 59 wanakupa uhakika wa 95% wa kumpata angalau mmoja, swabu ikiwa haikosei. Hukosea, kwa hiyo ongeza.

Glavu mpya na mfuko mpya kwa kila chura. Suuza matope kwa maji safi, kisha pitisha swabu mara 5 tumboni, mara 5 kila paja kwa chini, mara 5 kila utando wa vidole vya nyuma, huku ukiizungusha. Mgongo uache. Kiluwiluwi ni mdomo tu, kwingine hana keratini (protini ngumu ambayo Bd huishambulia).

Bila friza, tumia ethanoli ya 70% au zaidi. Maabara wasiimwage ovyo: seli huchomoka zikabaki humo. Waizungushe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili seli zitue chini), kisha ethanoli ikauke kabisa, la sivyo itazuia PCR.

kinamasi_kabale
Asante. Na viatu?

gambuti
Sugua tope kwanza, kwani linaimaliza nguvu dawa ya kuua kuvu. Halafu ethanoli ya 70%, kisha vikauke kabisa kabla ya kinamasi kingine. Vibali vya UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda) na UNCST (baraza la sayansi na teknolojia Uganda) anzeni kuvishughulikia sasa.

maabara_kwanza
Nyongeza: Bd hustawi kwenye nyuzi 17 hadi 25 za Selsiasi, joto la bondeni huipunguza. Kila penye sifuri (Bd haikupatikana) kwenye ramani, andikeni idadi ya vyura, tarehe na joto la maji.