Bafu linabanduka rangi, bajeti yangu ni laki nne. Nianzie wapi?

Wakuu, habari za jioni. Tumehamia nyumba yetu Mbagala kabla haijaisha, na bafu ndilo lililobaki nyuma. Lina mita 1.5 kwa 2, choo humohumo. Chini ni sakafu ya niru, yaani saruji iliyolainishwa, ikilowa inateleza vibaya. Mama yangu ni mtu mzima na ameshaanguka mara mbili. Kuta nimezipaka rangi mwaka jana na mwaka huu; kila mara inavimba na kudondoka kama magamba, kuanzia chini hadi usawa wa goti.

Nina shilingi 400,000. Nilitaka rangi ya mafuta ya bluu, kioo na pazia jipya. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kurekebisha bafu.

Fundi bomba: Rangi usinunue kwanza. Chukua kipande cha nailoni angavu, kama ukurasa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote 4 na uache siku 2. Ukikuta matone upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa nje, huo ni mvuke wa kuogea. Ukipaka rangi ya mafuta kwenye ukuta mbichi, itavimba tena.

Mama wa Kigamboni: Pole sana kwa mama. Mimi ningeanza na sakafu, kioo kitakuja baadaye. Tafuta tailizi zenye mikwaruzo, zile za kung'aa mwachie mwenye sebule. Una mita za mraba 3, ongeza sehemu ya kumi kwa kukata na kuvunjika. Ulizia waliomaliza kujenga, huwa wanabakiwa na boksi moja au mbili na wanaziuza kwa bei nafuu. Zangu zilikuwa rangi 2 tofauti, fundi akazipanga kwa kupishana, na mpaka leo nazipenda. Ila kabla hajabandika, mwaga ndoo ya maji uone kama yote yanaelekea kwenye tundu. Na mama mfungieni bomba la kushikilia, boliti ziingie kwenye tofali lenyewe.

Mpangaji: Sinki la choo likiwa na madoa ya maji ya kisima, usilitupe. Lowesha karatasi ya choo kwa siki, ibandike kwenye madoa usiku kucha, asubuhi sugua. Langu lilitakata. Siki usiichanganye na jiki hata kidogo! Inatoa gesi ya klorini, na bafu dogo halina pa kukimbilia.

Mwenye uzi (niliyeuliza): Nimerudi. Nailoni ya chini ina matone upande wa ukutani, ya juu ni kavu. Nikazunguka nje: maji ya sinki la jikoni yanamwagika kwenye ukuta huohuo, na udongo umepanda juu ya msingi. Miaka yote hiyo nalaumu rangi!

Fundi bomba: Hapo ndipo penyewe. Ondoa udongo, yapeleke maji mbali kwa bomba la plastiki, bandua plasta mpaka juu ya goti na uache ukuta ukauke wiki kadhaa.

Mwenye uzi: Basi bluu itasubiri. Jumamosi fundi anaanza sakafu. Mama ataoga lini?

Mama wa Kigamboni: Tailizi zikibandikwa Jumamosi, zisikanyagwe mpaka Jumapili jioni, ndipo fundi ajaze grauti, ile ya kuziba mianya kati ya tailizi. Maji Jumanne. Siku hizo mpeleke kwa ndugu akapumzike, asije akaingia usiku kwa mazoea.