Ushauri: napanda Mlima Meru wiki ijayo, siku tatu zinatosha?

Ndago: Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo napanda Meru na wenzangu wawili, ndiyo mara yetu ya kwanza. Tumepangiwa siku tatu. Maji nibebe lita ngapi? Na viatu vya mvua, vile vya mpira, vinafaa? Usingizi siupati kwa mawazo.

Mzee wa Ngazi: Kupanda ni kulekule, iwe siku tatu au nne: geti la Momella kama mita 1,500, kibanda cha Miriakamba 2,514, kibanda cha Saddle 3,570, kilele 4,562. Tofauti iko kwenye kushuka. Wa siku nne wakitoka kileleni wanalala Miriakamba; wa siku tatu wanateremka mita 3,000 kwa mkupuo mmoja mpaka getini. Hapo ndipo magoti na kucha za vidole gumba vinapokwisha. Ongeza siku. Mkifika Saddle mchana msilale, pandeni Meru Ndogo, mita 3,820, kisha mrudi chini kulala. Mwili unaonja hewa nyepesi kabla ya usiku wenyewe.

Kisu Butu: Viatu vya mpira? Unaenda mlimani au kupandikiza mpunga?

Mama Tausi: Vijana mnafuata picha tu. Kichwa kikigonga, ukatapika na kuanza kuyumba kama mlevi, shuka saa hiyohiyo, usingoje kuche. Dawa ya maumivu inaficha dalili, haikuongezei hewa.

Ndago: Asante mama. Na maji je?

Mzee wa Ngazi: Usiku wa kilele lita tatu. Chupa igeuze kichwa chini, maji yanaanza kuganda juu, hivyo mdomo unabaki wazi. Ya mrija usiitegemee, mrija huganda mapema. Mnaondoka Saddle saa saba au saa nane usiku. Mkipita Rhino Point mnateremka kidogo, ndipo unaanza ukingo wenyewe: mwamba, kisha majivu yanayokurudisha nyuma kila ukikanyaga. Kushoto ni krateri, lile shimo la volkano. Gizani huioni. Unaiona asubuhi mkirudi, na koni ya majivu iko chini kule, ndipo watu wanapokaa chini na kugoma. Mnaingia geti gani, na askari mmeshapangiwa?

Ndago: Askari tutakutana naye hukohuko juu, kiongozi kasema.

Mzee wa Ngazi: Askari mwenye bunduki anaanza nanyi getini, kwa sababu nyati wako huku chini, siku ya kwanza. Geti gani?

Ndago: Sawa mkuu, niseme tu. Hatupiti Momella. Tunaanzia Olkokola, upande wa magharibi. Kiongozi anasema ni njia ya wenyeji, bei nusu. Nusu ya hela nimeshatuma, na ya kukodi mahema pia. Msinihukumu, wenzangu nimeshawaahidi.

Mama Tausi: Cha bure ghali.

Mzee wa Ngazi: Kupanda kutokea magharibi ni marufuku. Huko hakuna vibanda wala askari, na mtu akivunjika mguu hakuna anayejua mko wapi.

Ndago: Vibanda vipo mkuu. Ratiba hii hapa: siku ya kwanza Olkokola hadi Miriakamba, tunalala kwenye mahema. Siku ya pili Saddle. Siku ya tatu kileleni na kurudi Olkokola.

Kisu Butu: Wakuu, tumepigwa kamba. Miriakamba iko mashariki, kule krateri ilikobomoka. Kutoka Olkokola kulala Miriakamba siku ya kwanza inabidi kwanza uuvuke mlima mzima, kilele unakipita ukienda kulala! Na mahema ya nini? Miriakamba na Saddle kuna vyumba vya vitanda vya ghorofa na magodoro. Uzi wa kutunga huu, mods fungeni.

Mama Tausi: Nami nilishangaa, askari anakusubirije juu kama daladala?

Ndago: Haki ya Mungu sijatunga. Nimenakili ujumbe wake neno kwa neno.

Mzee wa Ngazi: Basi aliyetunga ni yeye, na huo mlima hajaupanda. Muulize mambo mawili tu. Kwanza, kutoka Saddle kwenda kileleni krateri inakuwa mkono gani. Pili, akutumie kontrol namba ya malipo ya hifadhi, ulipe mwenyewe. Usitume shilingi nyingine kabla hajajibu yote mawili.

Kisu Butu: La kwanza lishajibiwa hapo juu. Asije akawa humu anasoma.

Ndago: Nimemuuliza. Tiki zimekuwa za bluu tangu saa mbili, kimya. Ila wakuu, la viatu hamjanijibu. Vya mpira nimeshanunua, jozi tatu.