Mjadala: Je, kuiondoa intaneti nyumbani ni tiba ya mazoea mabaya?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, miezi kumi na minne iliyopita nilisitisha huduma ya intaneti nyumbani kwangu. Sikuhamia kwa mtoa huduma mwingine wala sikupunguza kifurushi: nilirudisha ruta, nikabaki na simu yenye bando dogo la dharura, na kazi zote zinazohitaji mtandao nikazihamishia ofisini au maktaba ya umma. Hoja ninayoileta ni kwamba intaneti isiyokatika wala kupimwa ndani ya nyumba ndiyo chanzo cha mazoea mengi ambayo tumezoea kuyalaumu kwa udhaifu wa nia, na kwamba mtu mzima anayeweza kuyatimiza mambo yake ya lazima mahali pengine atanufaika sana akiiondoa.

Wanaotuambia tujizuie tu hawajaangalia vizuri tunajizuia dhidi ya nini. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ukurasa unaoendelea kujazwa kadiri msomaji anavyoshuka, usio na chini. Kabla ya hapo mtu alifika mwisho wa ukurasa, akalazimika kubonyeza ili kupata mwingine, na katika sekunde hiyo moja alipata nafasi ya kujiuliza kama bado anataka kuendelea. Sekunde hiyo ikafutwa, na Raskin mwenyewe amekiri hadharani kwamba anajutia kilichotokana na ubunifu wake. Kisha zikaja video zinazojianzisha zenyewe, na arifa zinazofika kwa nyakati zisizotabirika. Kuhusu kutotabirika huko, Charles Ferster na B. F. Skinner walikwisha kuonyesha mwaka 1957, kwa majaribio ya njiwa, kwamba kiumbe anayepata tuzo baada ya idadi ya majaribio inayobadilikabadilika hudonoa kwa bidii na hukawia kuacha hata tuzo ikikoma. Mimi nilikuwa njiwa wa aina hiyo kila usiku baada ya saa nne.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi. Wiki tatu za mwanzo mkono wangu uliitafuta simu bila mimi kuutuma. Kilichonisaidia ni daftari nililoliweka juu ya meza, ambamo niliandika kila swali nililotaka kulitafutia jibu mtandaoni, ili niende nalo maktaba siku ya Jumamosi. Nilipofika huko mara ya kwanza niligundua kwamba theluthi mbili ya maswali yale hayakuwa na maana tena kwangu, na mengine mawili sikukumbuka hata kwa nini niliyaandika. Hapo ndipo nilipoelewa saa zangu zilikuwa zinakwenda wapi.

Utafiti nao haunipingi. Wanauchumi wanne, wakiongozwa na Hunt Allcott, waliwalipa watu nchini Marekani wazifunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020: kila mshiriki alipata wastani wa saa moja kwa siku, na saa hiyo haikumezwa na tovuti nyingine, kwa kuwa hata matumizi mengineyo ya mtandao yalipungua, huku muda wa kukaa na jamaa na marafiki ukiongezeka. Kwa kiasi kidogo, wakaridhika zaidi na maisha yao. Ni kweli kwamba walijua habari chache zaidi kuliko wenzao, na gharama hiyo naikubali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimeusoma ushuhuda wako kwa heshima, lakini naona umekata waya usiohusika. Jaribio ulilolitaja lilihusu mtandao mmoja wa kijamii, wala halikugusa huduma ya nyumbani. Lipo jingine lililo karibu zaidi na mada yetu, nalo limetoka mwaka 2025 katika jarida la PNAS Nexus. Washiriki 467 waliombwa waweke programu inayozuia intaneti kwenye simu janja zao kwa wiki mbili, huku wakiruhusiwa kupiga simu, kutuma ujumbe mfupi wa kawaida, na kutumia intaneti kwa kompyuta kama kawaida. Uwezo wao wa kudumisha umakini ulipanda, na hali yao ya nafsi ikawa bora. Tafadhali uangalie hapo: intaneti ya nyumbani ilibaki palepale, na nafuu ikapatikana. Wahenga walikwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mimi naongeza kwamba mara nyingi kimo mfukoni, kina betri.

Kwa maoni yangu kilichokuponya ni udogo wa bando lako. Mtu akirudisha ruta leo na kesho akanunua kifurushi kikubwa cha simu, atakuwa amehama kutoka kioo kikubwa kwenda kidogo, na huenda akaangukia pabaya zaidi, kwa sababu kompyuta haiingii naye kitandani kwa urahisi kama simu.

Jaribio hilohilo lina jambo lingine ambalo wasifiaji wake hulipita haraka. Ni takriban robo tu ya waliojiandikisha walioudumisha uzuio kwa siku kumi au zaidi kati ya kumi na nne. Kama watu waliojitolea wenyewe wanashindwa kutimiza wiki mbili, tusijenge ushauri kwa umma juu ya ushupavu wa wachache. Hata anayefika mwisho hana hakika ya matunda. Mwandishi wa habari za teknolojia Paul Miller aliishi bila intaneti kabisa kuanzia Mei 2012 kwa mwaka mzima. Kwa maelezo yake mwenyewe, miezi ya mwanzo ilimpa utulivu na tija, kisha uvivu ukarudi kwa sura nyingine, akawa mtu wa kochi na michezo ya video, na kuwasiliana na wenzake kukawa mzigo. Aliporudi alikiri kwamba alikuwa amekosea kudhani kwamba mtandao ndio uliokuwa ukimharibia maisha.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, nimesubiri nione kama kuna atakayeuliza nyumba hiyo wanaishi watu wangapi, na naona bado mnajadiliana kama vile kila nyumba ina mtu mmoja.

Nyumbani kwetu mume wangu alifikia uamuzi kama wa mleta mada, na nina hakika nia yake ilikuwa njema. Yeye alikuwa na intaneti kazini tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo alichokikata kilikuwa ziada yake. Mimi nilikuwa nasoma stashahada kwa njia ya masafa, mihadhara ikitolewa usiku, na mtoto wetu wa sekondari alikuwa akipokea mazoezi kwa barua pepe. Nilianza kusikiliza mihadhara kwa bando la simu iliyokuwa ikikatika katikati ya sentensi, na mara mbili nilikaa kwenye ngazi za maktaba iliyokwisha kufungwa kwa sababu mawimbi yake yalikuwa yakifika nje. Yeye jioni alikuwa akisoma riwaya na kusema jinsi nyumba ilivyotulia. Uamuzi ule uliishi wiki tano, na ulivunjwa kwa kikao ambacho sitakisimulia hapa.

Kisa hiki kina sura ya umma pia. Ufini, kuanzia Julai 1, 2010, ilimpa kila mkaazi haki ya kisheria ya kupata muunganisho wa walau megabiti moja kwa sekunde, kwa hoja kwamba bila huo mtu hawezi kushiriki maisha ya raia wa leo. Miaka kumi baadaye shule zilifungwa katika nchi zaidi ya 190 na wanafunzi karibu bilioni 1.6 wakaathirika, na tofauti kati ya aliyeendelea kusoma na aliyesimama ilikuwa, mara nyingi, ni kama nyumba yao ilikuwa na mtandao. Anayeiacha kwa hiari ni yule mwenye ofisi, mwenye maktaba karibu, mwenye miguu ya kumfikisha huko na saa za kazi zinazomruhusu. Mgonjwa anayemwona daktari wake kwa video na mtu mwenye ulemavu asiyetoka bila msaada hawana pa kuihamishia. Sisemi mleta mada asifanye alivyofanya. Nasema asiliite jambo hili tiba kabla ya kutaja dawa hiyo inamezwa na nani.

Mchangiaji wa tatu

Kwa nini tusizungumzie ratiba? Ruta nyingi zina sehemu ya kupanga saa za kuzima na kuwasha mtandao. Izimwe saa tatu usiku na iwashwe asubuhi, na mihadhara ipewe ruhusa ya pekee. Hakuna haja ya kurudisha kifaa.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa tatu, nililijaribu hilo kabla ya yote. Ratiba yangu iliheshimiwa usiku kumi na moja. Usiku wa kumi na mbili niliingia kwenye mipangilio, nikaongeza nusu saa, na baada ya hapo haikuwa ratiba tena. Mwanauchumi Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, aliandika sana kuhusu mtu anayepaswa kujitawala kana kwamba ndani yake wamo wawili, mmoja anayepanga asubuhi na mwingine anayetenda usiku, na kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake ujanja. Ufunguo ukibaki mfukoni mwa yule wa usiku, kufuli ni pambo. Ndiyo maana niliuondoa mlango wenyewe.

Mchangiaji wa nne

Kazi yangu ni kufunga mitandao majumbani na maofisini, na wanaositisha huduma kwa sababu hii nimewaona wengi, kama nilivyowaona wengi wao wakirudi. Naomba nitoe wazo ambalo halijatajwa.

Kiwango cha kwanza cha mtandao usiotumia waya, kinachojulikana kama 802.11, kilitolewa mwaka 1997, na vifaa vyake vikaenea majumbani katika miaka iliyofuata. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa na mahali pake. Ilikuwa kwenye meza fulani, mwisho wa waya fulani, na aliyeitaka aliinuka akaifuata, akakaa, akamaliza, akaondoka. Waifai ndiyo iliyoitoa mezani na kuieneza hadi kitandani, jikoni na msalani. Karibu kila ruta inaruhusu kuzima mawimbi ya waifai huku matundu ya waya yakiendelea kufanya kazi. Vuta waya hadi chumba kimoja, weka kompyuta hapo, na data ya simu ibaki ndogo kama ya mleta mada. Mwanafunzi atasikiliza mihadhara bila kukatika, tena kwa uthabiti kuliko kwa waifai, na hakuna atakayeperuzi akiwa amelala chali. Baadhi ya kompyuta mpakato za sasa hazina tundu la waya, lakini adapta yake ni kitu kidogo. Nimewafungia hivyo wateja watatu, na hakuna aliyeniita kuja kuurudisha mtandao wa mawimbi. Wateja watatu si utafiti, najua.

Mchangiaji wa kwanza

Hili naliafiki kuliko yote yaliyotangulia, ingawa nashuku kwamba hao watatu hawakukuita kwa sababu waifai huwashwa kwa kitufe kimoja tu.

Mleta mada

Nimekosolewa kwa haki, na napenda kusahihisha hoja yangu kabla haijazeeka. Niliandika "mtu mzima" nikimaanisha, bila kulitambua, mtu mzima anayeishi peke yake kama mimi. Dada yetu mchangiaji wa pili amenionyesha kwamba katika nyumba yenye wengine uamuzi huu haumhusu anayeona amechoka na mtandao peke yake, na kwamba aghalabu huwa ndiye mwenye njia nyingine. Naliondoa neno tiba.

Kuhusu simu, sikatai kwamba udogo wa bando umefanya kazi kubwa, lakini naomba tuutazame utendaji wake. Bando lenye kipimo hunirudishia ile sekunde iliyofutwa, kwa kuwa kabla ya kufungua video najiuliza kama inastahili kilichobaki hadi mwisho wa wiki. Safari ya maktaba hufanya hivyohivyo kwa kipimo kikubwa zaidi, na meza yenye waya ya fundi wetu hufanya hivyo kwa kipimo kidogo. Ninachokitetea, basi, ni umbali kati ya kutamani na kupata, na mbele ya wazo la waya nakiri kwamba umbali wa vyumba viwili huenda ungenitosha. Nitalijaribu kwa miezi mitatu, na nitaleta taarifa hata ikiwa ya aibu.

Swali moja nalirudisha kwa dada yetu, kwa kuwa mimi sina wa kulijibu naye. Baada ya kile kikao, nani aliachiwa nywila ya ruta?

Mchangiaji wa pili

Mtoto. Tulikubaliana kwamba ndiye pekee katika nyumba ile ambaye hajawahi kukutwa macho saa nane za usiku. Mume wangu amemwomba mara mbili, na mara zote mbili ameulizwa anaihitaji kwa kazi gani.