Naombeni ushauri: nimeacha nyama, maziwa na mayai, mama hanielewi kabisa

Kipepeo_Dago (Jumapili, saa 3:40 usiku)
Hamjambo wana jukwaa. Ni mara yangu ya kwanza kuandika hapa, mnivumilie. Nina miaka 24, naishi na mama Dagoretti. Tangu mwaka jana niliacha nyama, maziwa, mayai, hata asali. Nakula mimea pekee, yaani mimi ni vegani. Sababu zangu ninazo na nimezifikiria.

Shida ni mama. Leo amepika mchuzi wa mbuzi. Akaniokotea vipande vya nyama kwenye sahani, akaviweka kando, akasema, "Haya, nimetoa nyama. Hiyo ni supu tu." Nikakataa. Akaifunika sahani yangu kwa sahani nyingine, na mpaka sasa ninapoandika iko pale pale mezani. Yeye amekaa sebuleni na taa amezima.

Nimwambieje aelewe? Na mnajua wapi Nairobi mtu anapata chakula cha mimea kwa bei ya kawaida? Nina mpango wa kuhamia bedsita, chumba kimoja cha kupanga, huko Roysambu nijipikie mwenyewe. Naombeni msinitukane.

Kamau_wa_Soko
Karibu jukwaani dada. Mimi nikipita Kenyatta Market bila kuonja mbavu, miguu hukataa kunifikisha stejini. Lakini kila mtu na tumbo lake. Kuhusu Roysambu, kabla hujalipa chochote uliza maji hufunguliwa siku gani. Mimi nilikaa huko mwaka mzima na mitungi kumi chini ya kitanda. Mwenye nyumba aliniambia maji "hayakosi". Hayakosi wapi?

Tumaini_K
Kamau usiniguse kidonda. Kwetu yalikuwa yanakuja Jumanne saa tisa usiku.

Mwana_Sabato
Dada usiogope. Mimi nililelewa nyumba ya Wasabato, nyama tulikuwa tunaiona kwa jirani. Mama alikuwa anaponda njugu karanga kwa kinu anachanganya na terere (mchicha), na ugali wa wimbi pembeni. Siku za sherehe alitupikia njahi, yale maharagwe meusi. Nina miaka 51 na bado napanda ngazi za kazini bila kupumzika. Mwambie mama yako kwamba chakula cha mimea si chakula cha njaa.

Jirani_wa_Habasha
Mahali pa kula: jaribu mikahawa ya Kihabeshi, Kilimani na Hurlingham ipo kadhaa. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo wamezoea kupika hivyo. Itisha beyaynetu: injera kubwa moja (mkate wao mwembamba kama chapati), juu yake dengu, shiro (rojo la unga wa dengu), kabichi, kila kitu kwa fungu lake. Kwa Wahindi wa Ngara na Parklands pia utashiba, lakini uliza samli na maziwa. Wengi wao nyama hawali, ila maziwa ni mazuri kwao.

Mama_Wawili
Mimi naona tofauti. Binti yangu, mama amekubeba miezi tisa, ameokota nyama kipande kimoja kimoja na mkono wake, wewe unakuja kumshtaki kwa watu usiowajua? Enda sebuleni uwashe taa. Hayo ya asali na mayai mtaongea baadaye.

Zamu_ya_Usiku
Kipepeo, mimi ni muuguzi, nasoma hii nikiwa kazini. Nimerudia aya yako ya pili mara tatu. Watoto wengi hukataa mbuzi na mama zao hununa wakalala. Mama hakai gizani akilinda sahani kwa sababu ya mbuzi. Kuna kitu kilitangulia. Uliwahi kuugua?

Kipepeo_Dago
Asanteni nyote, hasa wa Kihabeshi. Zamu_ya_Usiku, si jambo kubwa. Mwaka juzi nililazwa kidogo, nilikuwa nimepungua. Nilipona. Hilo halihusiani na swali langu.

Zamu_ya_Usiku
Kidogo ni muda gani?

Kipepeo_Dago
Wiki tano.

Zamu_ya_Usiku
Asante kwa kusema. Nina maswali matatu, na ukitaka nijibu faraghani. Nyama uliiacha kabla ya kulazwa au baada? Hedhi inakuja? Na la tatu ndilo kubwa kwangu: tangu uanze, orodha ya vitu unavyokula inaongezeka au inapungua?

Kamau_wa_Soko
Sasa naona uzi umekuwa wa maana. Dada, dawa ni rahisi: kuanzia kesho sahani tatu kubwa za githeri, parachichi juu, mwezi mmoja tu umerudi.

Zamu_ya_Usiku
Kamau, moyo wako ni mzuri lakini hapo ngoja. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akianza kujishindilia ghafla, madini kama fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanaweza kushuka kwenye damu hadi moyo ukayumba. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza, na chakula kikaongezwa chini ya macho ya daktari.

Kipepeo_Dago (Jumatatu, saa 12:15 asubuhi)
Sijalala. Nitajibu hapa hapa.

Niliacha nyama miezi mitatu baada ya kutoka hospitali. Hedhi imekatika tangu Novemba. Na orodha inapungua. Nilianza na nyama, nikaenda maziwa na mayai. Halafu mafuta ya kupikia. Nazi. Njugu. Mwezi uliopita nikaacha maharagwe na njahi kwa sababu nahisi yananijaza.

Lakini wanyama nawapenda kweli, hilo si uongo. Nimeona jinsi kuku wanavyobebwa kwenye bodaboda, miguu juu, vichwa vikigonga gurudumu, na sikuweza tena. Msiniambie hata hilo ni ugonjwa. Na Roysambu nimeshalipa dipositi Ijumaa. Nikiwa peke yangu nitakula kwa amani, hakuna wa kunihesabia vijiko. Nimeamua.

Mama_Wawili
Ee Mungu. Binti yangu, nisamehe nilivyokujia juu.

Mpekuzi_254
Wakubwa, niseme ukweli ambao mnaogopa? Hii ni hekaya. Akaunti imefunguliwa jana. Kwanza "nina mpango wa kuhamia", sasa "nimeshalipa dipositi". Kwanza "kidogo", sasa wiki tano. Kila mkimuuliza anaongeza chumvi. Tena kukataa chakula mpaka ulazwe ni ugonjwa wa wazungu, hapa tuna watu wanaotafuta hicho chakula. Huyu ni mtu anaandika makala na nyinyi mnamjazia kurasa.

Tumaini_K
Hata mimi hiyo ya mama kukaa gizani niliona kama filamu.

Kamau_wa_Soko
Aisee. Na mimi nilikuwa nimeanza kumtafutia fundi wa tangi.

Mkimbiaji_Mstaafu
Mpekuzi, ngoja nikueleze kuhusu huo ugonjwa wa wazungu. Mimi ni mwanamume, nimezaliwa Nandi, nimekimbia mashindano nikiwa kijana, sasa naishi Ngong. Mtu mmoja aliniambia nikipungua kidogo nitapanda milima haraka. Nikapungua kidogo. Nikapanda haraka. Basi nikaendelea. Ugali nikaufanya wa wikendi, chai nikainywa kavu. Siku moja mazoezini, barabara tambarare, sijaanguka wala kujikwaa, mfupa wa mguu ukapata ufa. Daktari aliangalia picha akaniuliza nina miaka mingapi, nikasema 22, akanyamaza. Kambini hakuna aliyeuita ugonjwa. Waliita nidhamu. Mbio zangu ziliishia hapo.

Huyu msichana anaongeza habari kila akiulizwa kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema. Mimi mke wangu alijua miaka sita baada ya harusi.

Mwalimu_wa_Historia
Niongeze hapo. Kati ya 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 waliokataa kubeba silaha vitani, wakajitolea kulishwa chakula kidogo kwa karibu miezi sita. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa na afya ya mwili na akili. Njaa ilipokolea walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukaa na sahani moja muda mrefu mno, kujitenga na wenzao. Hawakuwa na wazimu walipoingia. Njaa yenyewe ndiyo iliyobadilisha fikira. Kwa hiyo Kipepeo, unaposema "nimeamua", mimi najiuliza ni nani kati yenu wawili ameamua, wewe au njaa. Nauliza kwa heshima.

Mpekuzi_254
Mkimbiaji, pole. Lakini yeye mwenyewe amenyamaza.

Kipepeo_Dago (Jumatatu, saa 7:50 mchana)
Nilikuwa kazini. Mpekuzi, sina cha kukuthibitishia, lakini nitasema nilichoficha.

Kadi yangu ya kliniki ni ya kijani. Niliiweka ndani ya kiatu nisichovaa, ndiyo sababu imekunjika katikati. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa ni 12 Februari. Asubuhi hiyo mama alinipa nauli, akanifungia na ndizi mbili kwa karatasi. Nilishuka Kencom katikati ya jiji, nikatembea mpaka bustani ya Jeevanjee, nikakaa kwenye benchi hadi saa nane, nikarudi nikamwambia daktari amesema niko sawa. Mama akapiga magoti akaomba. Tangu hapo sijakwenda.

Jumamosi alikuwa anasafisha chini ya kitanda akakiinua kile kiatu. Hakuniuliza. Jumapili akapika mbuzi, chakula nilichokuwa nakiomba nikiwa mdogo.

Ndiyo hivyo. Sahani haikuwa ya mbuzi. Nilijua nilipokuwa naandika.

Zamu_ya_Usiku
Nashukuru umerudi. Nitaandika kwa urefu, nisamehe.

Mapenzi yako kwa wanyama sitayagusa. Wapo wanaopona wakila mimea, na wapo ambao daktari huwaomba waahirishe mpaka mwili usimame. Hilo mtaamua na kliniki. Ninachokiona mimi ni kwamba mafuta hayana mnyama ndani yake. Nazi haina mnyama. Njahi haina mnyama. Hivyo vyote umeviacha, na havikuachwa kwa sababu ya kuku wa bodaboda. Ugonjwa umejificha nyuma ya sababu nzuri, na uzuri wa sababu ndio unaoufunika.

Hedhi kukatika maana yake mwili umeanza kubana matumizi, na mifupa ndiyo inayolipa, kama Mkimbiaji alivyoeleza. Kliniki waambie wakupime damu: madini, wekundu wa damu, vitamini B12. Hiyo B12 huwezi kuitegemea kwenye mimea, kila vegani anahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa, na ikiisha huleta upungufu wa damu na ganzi ya mikono na miguu. Madini ya chuma yamo kwenye ndengu na mboga, ila huingia vizuri zaidi ukikamulia ndimu, na chai ukiisogeza mbali na mlo. Sukuma na mchicha hujaza tumbo kabla mwili haujapata nguvu, ndiyo maana mtu wa mimea anayepona anahitaji zaidi vile vitu vizito ulivyoviondoa.

Na bedsita isubiri, tafadhali. Nimewaona wengi waliotaka kula kwa amani wakiwa peke yao. Ukizimia, au moyo ukaenda ovyo, au kifua kikauma, usingoje kliniki, nenda dharura usiku huo huo.

Kamau_wa_Soko
Dada, dipositi nakusaidia kuidai. Nitumie eneo, namjua mtu huko. Mkataba umetia sahihi?

Kipepeo_Dago
Bado, nilituma M-Pesa tu. Asante Kamau.

Mpekuzi_254
Kipepeo, nimekosea. Dada yangu mdogo aliwahi kuwa hivyo shule ya bweni, tukasema ni maringo. Sikutaka kukumbuka. Samahani.

Kipepeo_Dago (Jumanne, saa 1:20 jioni)
Nimepiga simu kliniki. Wamenipa Alhamisi asubuhi. Yule dada wa mapokezi alilikumbuka jina langu, nikalia kwenye simu kama mtoto. Niende na mama au niende peke yangu?

Mama_Wawili
Na mama.

Mkimbiaji_Mstaafu
Na mama. Mwambie tu akuache uingie kwanza wewe.

Zamu_ya_Usiku
Naye. Ndani muanze wewe na daktari, kisha aitwe. Na Jeevanjee mpitie kwa gari, msishuke.

Kipepeo_Dago (Jumanne, saa 2:05 usiku)
Nimemwonyesha uzi wote. Amesoma polepole, miwani yake ina ufa. Hajasema kitu kuhusu Jeevanjee. Ameuliza huyo muuguzi anaitwa nani nikamwambia hatujui.

Sasa yuko jikoni. Amebandika ndengu, mbuzi amempelekea jirani. Ameshika nazi mkononi na anasema nikuulize wewe kwa sababu mimi nimeshindwa kumjibu: aweke au asiweke?

Zamu_ya_Usiku
Aweke.